Pete ya Doto

Ukinikuta hapa Samuye asubuhi nimekaa barazani, vidole vinacheza juu ya goti, usidhani akili imeanza kuniaga. Ni mikono inatafuta kazi. Kwa miaka zaidi ya arobaini iliamka ikakuta tupa, nyundo na koleo. Sasa inaamka inakuta kikombe cha chai, nacho hakina cha kunyooshwa. Macho yaliota mtoto wa jicho, yote mawili. Moja likapasuliwa likapona, lingine likagoma. Sonara wa jicho moja anaweza kuuza duka, hawezi kukalisha jiwe. Nikafunga meza yangu ya Katoro, nikarudi nyumbani kwa ng'ombe ambao hata tabia zao sizijui.

Ninyi vijana mliorithi kazi hii mnanipigia simu mkitaka siri. Juzi mmoja kaniuliza ile pete ya almasi ya yule mwenye karasha niliichora kwa programu gani. Niliichora kwa mkaa, juu ya kipande cha boksi la sabuni. Shule niliishia darasa la tatu, na wenye digrii walipanga foleni mbele ya meza yangu. Sisemi hivi kuwadharau. Mashine zenu ni nzuri, na laiti ningekuwa na macho ningekaa nanyi nizijue. Nasema tu kwamba pete haianzii kwenye kioo cha kompyuta. Inaanzia kwenye mkono wa mtu.

Basi shika hili kwanza. Mteja akija, tazama mkono kabla ya jiwe. Usipime kidole asubuhi, kina uvimbe wa usingizi. Wala usipime mtu akiwa ametoka kunyeshewa, kimenywea. Pima mchana, amekaa, ametulia. Usipime kwa uzi, uzi unamsikiliza anayeuvuta. Kata ukanda wa karatasi. Na upime fundo la kidole pia, maana pete kabla ya kukaa lazima ipite mlangoni.

Hayo nilifundishwa na mzee Hemedi, sonara mmoja kutoka Tabora aliyekuwa na meza Shinyanga mjini, mtu mfupi, msafi, asiyepiga kelele. Siku moja nikiwa bado mwanafunzi wake nilichomelea pete ikiwa na jiwe lake ndani, na kwa haraka zangu nikaitumbukiza kwenye maji ingali nyekundu. Jiwe likalia mara moja, likapasuka. Mzee Hemedi hakunipiga wala hakunitukana. Alikaa siku tatu bila kusema nami. Akiwa na haja alisema na nyundo: "Nyundo, mwambie huyo Msukuma alete mkaa." Nami nikauleta mkaa. Siku ya nne nikamwomba radhi, akanijibu kwamba jiwe halikupasuliwa na maji, lilipasuliwa na mtu aliyekuwa anawaza chakula cha mchana. Kweli nilikuwa nawaza chakula. Mpaka leo, nikisikia harufu ya maharage yanachemka, mkono wangu wa kulia unasita.

Natamani anitume tena kupitia kwa nyundo. Lakini nilitaka kuwaambia habari ya Ambakisye.

Huyu alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu aliyekuja kutafuta maisha kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, akachimba, akafilisika, akachimba tena, mwisho akapata karasha yake mwenyewe, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Sisi tulimwita Amba. Alikuja mezani kwangu na vitu vitatu: dhahabu yake kwenye kopo la dawa, almasi kwenye karatasi iliyokunjwa, na picha kwenye simu. Picha ilikuwa ya pete ya Ulaya huko, jiwe limenyanyuliwa juu kwa vijino sita, limekaa kama jogoo juu ya paa.

Nikaanza na dhahabu. Ilikuwa bado na zebaki ya mwaloni, kule inakooshwa. Dhahabu ya namna hiyo usiiamini hata ikiletwa na mchungaji. Ukiitia kwenye kazi hivyo hivyo, pete inatoka na mabaka meupe na inakatika kama biskuti. Ichome upya, nje, mbali na watu, upepo ukiwa mgongoni mwako. Kikohozi mnachonisikia nacho ni cha ujana wangu, nilipoona kukaa mbali na moshi ni uoga.

Almasi ilitoka Maganzo, na karatasi zake zote alikuwa nazo, nilizikagua moja moja. Hapa kwetu almasi tunaichimba, kuikata hatujui. Ilikwenda Arusha ikarudi ndogo kuliko ilivyokwenda, Amba akanilalamikia kana kwamba mimi ndiye niliyeimeza. Nikamwambia hata muhogo ukimenywa unapungua. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa na umanjano kwa mbali, kama maji ya kwanza ya mchele, na ukiigeuza inakurushia mwanga usoni kama mtoto mtundu mwenye kipande cha kioo. Nimeshika mawe mengi tangu siku ile. Lile ndilo vidole vyangu vinalolitafuta asubuhi.

Nikamuuliza kidole kiko wapi. Akatoa waya wa kufungia mkate alioukunja akisema alimpima mchumba wake kwa siri, anataka iwe ghafla. Nikamrudishia. Nitengeneze pete ya mkono nisioujua, niwe nashona kanzu ya mtu aliyeko safarini? Aje mwenyewe.

Akaja. Binti mrefu, mshonaji wa nguo pale Katoro, jina lake Kulwa. Akanipa shikamoo ya kupiga goti kabisa, ya watu wa kijijini. Nikautazama mkono wake. Kidole cha kati kilikuwa na sugu ya mkasi, na ncha zake zilikuwa na alama za sindano. Hapo hapo picha ya Amba ikafa. Mshonaji akivaa pete ya vijino vya juu atanasa kila kitambaa cha wateja. Nikachora kwa mkaa: jiwe likae chini, ndani ya kikombe cha dhahabu, ukingo uliolala ukilikumbatia pande zote, kitambaa kipite juu yake kisijue kama kuna kitu. Amba akanung'unika kwamba halitaonekana toka mbali. Nikamuuliza kama anataka lionwe na mkewe au na waendesha bodaboda.

Kulwa akacheka. Kisha akaniambia neno ambalo sikulitilia maanani. "Babu, iwe jiwe moja tu. Hata huyu akitaka kuongeza mengine pembeni, usimkubalie. Moja." Mabinti wengine wote niliowahi kuwapima waliomba yaongezwe. Nikamsifu kwa kuwa na kiasi, nikaendelea na kazi.

Ilinichukua siku tisa. Sitaficha, niliringa nayo. Kuikunja ile pete, kukiinua kile kikombe, kuchomelea kwanza kila kitu na jiwe likiwa mbali kwenye karatasi yake, maana almasi ni ngumu lakini moto wa wazi unaivika ukungu mweupe. Kisha kuliweka jiwe na kuulaza ukingo kidogo kidogo, huku, na upande wa pili, na huku tena, kama unavyomfunika mtoto shuka bila kumwamsha. Amba alipoiona aliigeuza kwenye mwanga mara tatu. Akaniomba jambo jingine. Wazazi wake wako mbali, na mimi ni mzee na ni Msukuma, niwe mshenga wake, niipeleke posa Runzewe kwa mama wa Kulwa. Baba alikwisha kufariki. Nikakubali. Nani asingependa kuisindikiza kazi ya mikono yake mpaka kidoleni?

Mama yule alitupokea vizuri. Alikuwa mkulima, mwembamba, wa maneno machache. Tulikunywa soda, tukala kuku, tukaongea ng'ombe mpaka tukaelewana. Ndipo nikatoa kiboksi nikakifungua mbele yake. Akaitazama pete kwa muda mrefu. Kisha akautazama mkono wangu mwingine, kama mtu anayengoja. Mwisho akauliza kwa upole:

"Na ya Doto?"

Vijana, hapo nilijiona mjinga. Mimi Msukuma wa Samuye. Kwetu hakuna mtu anayeitwa Kulwa peke yake. Kulwa ni pacha aliyetangulia kutoka, na anayemfuata ni Doto, hilo anajua hata mtoto anayechunga ndama. Na anajua pia kwamba pacha hapewi mmoja akanyimwa mwenzake, hata karanga zinahesabiwa. Nimelitamka jina lile siku tisa, nimelifanyia pete, na sikuwahi kuuliza mwingine yuko wapi. Nilikuwa natazama jiwe.

Amba, masikini, Mnyakyusa wa watu, akajaribu kusaidia. "Doto ni mdogo wake? Basi naye aje tu, mama, tumsalimie."

Kulwa akainamisha kichwa. Mama akafunga kile kiboksi, akanirudishia kwa mikono miwili, bila hasira. Akasema Doto aliondoka wakiwa wanatambaa, kwa homa. Lakini tangu hapo hajawahi kununua kitu kimoja kwa ajili ya Kulwa. Magauni mawili, viatu jozi mbili, madaftari mawili. Kimoja cha Kulwa, cha Doto anampa mtoto wa jirani. Akimnyima Doto, Doto atamfuata mwenzake amchukue. Kulwa amefika mpaka leo ana afya kwa sababu mama yake hakumsahau yule mwingine. Na kwa kuwa pete ya uchumba haigawiwi jirani, Kulwa atazivaa zote mbili.

"Rudini nayo," alisema. "Mkija, mje nazo zote."

Tulirudi Katoro kwa njia ya Ushirombo. Njiani Amba akaniuliza kwa nini Kulwa hakumwambia.

Jibu lilikuja lenyewe baada ya siku mbili. Kulwa alikuja mezani kwangu peke yake, akakaa kwenye kigoda cha wateja, mita yake ya kupimia ikiwa bado shingoni. Alisema anajua Amba ataniomba nitengeneze ya pili, na yeye amekuja kuniomba nisitengeneze. Nikamwambia mama yake hana ubaya. Akasema anajua.

"Babu, nguo ya Doto nilikuwa naiona imevaliwa na mtoto wa jirani, na mama anamtazama yule mtoto kuliko anavyonitazama mimi. Nimekua hivyo. Kila nikipewa kitu, naona nimepewa nusu. Amba sikumwambia kwa sababu ni mtu wa kwanza kunitazama akaniona niko mmoja. Nikivaa zote mbili, na yeye ataanza kumwona mwenzangu. Bora nisiolewe."

Akaondoka. Hakulia. Ningekuwa na nafuu kama angelia.

Sasa mnaona kazi ilivyokuwa. Mama hataipokea pete moja. Binti hatazivaa mbili. Na wote wawili walikuwa na haki. Nilikaa pale mbele ya fuawe siku nzima bila kuwasha moto. Nilichora, nikafuta. Nikawaza kuficha jiwe dogo ndani ya pete, upande wa nyama, ambako halionekani. Nikaona huo ni ujanja tu. Mikono yangu haijawahi kumdanganya mtu, isianzie kwa mshonaji anayejua kila mshono uliofichwa. Basi nikarudi kwenye lile la kwanza alilonifundisha mzee Hemedi. Mkono. Ninatengeneza pete ya Doto, mkono wake uko wapi?

Asubuhi yake nikapanda gari la Runzewe peke yangu. Nilimkuta mama yule anaanika mpunga uani. Tukasalimiana kwa Kisukuma, nikamwita mayu, yaani mama, akaniletea kiti, akadhani nimeleta zote mbili. Nikamwambia bado, nimekuja kupima. Akashangaa, Kulwa si nilishampima?

"Hiyo ni ya Kulwa," nikamwambia. "Nimekuja kupima ya Doto. Nipe mkono wako, mayu."

Akaniangalia. Mimi mtu mkavu, maneno laini siyajui, nikamwambia kama nilivyoliona. Kwamba Kulwa amembeba mwenzake tangu anatambaa na sasa anakwenda kwa mume, na mzigo ule hakuujua alipoupokea. Na kwamba Doto hakubebwa tumboni na mtoto wa jirani wala na Kulwa, alibebwa na yeye. Kama pete ya Doto ina mahali pa kukaa, ni kwa aliyembeba.

Kuku wakaanza kuula mpunga na hakuna aliyewafukuza. Kisha akapangusa mkono kwenye kanga, akaunyoosha.

Haukuwa mkono rahisi. Fundo la kidole lilikuwa limevimba kwa jembe la pamba la miaka yote ile, na chini yake kidole kimekonda. Pete ya kupita fundo lile ingekuwa inazunguka hovyo ikishafika. Jifunzeni hili: mtu wa namna hiyo msimbanie, mtengenezeeni pete inayopita, halafu ndani yake, upande wa chini, muweke vinundu viwili vidogo vya dhahabu vya kuishikilia. Wazee wengi wameacha pete zao kabatini kwa sababu hakuna fundi aliyewatazama vidole.

Akaniambia zipimwe kwa mizani, zilingane. Nikamwahidi. Kwa kuwa kidole chake kilikuwa kinene kuliko cha binti, ilinibidi dhahabu ya uzito ule ule niivute iwe ndefu na nyembamba zaidi. Na kikombe cha jiwe kiwe kile kile. Hapo nikamweleza kwamba almasi iko moja tu, lakini najua mahali pa kupata jiwe jeupe linalofanana nayo, mtu asiyejua hatatofautisha.

Akatikisa kichwa. "Usiweke kitu," akasema. "Kiache wazi. Mwenyewe hayupo."

Nikamwonya, kama fundi ninavyopaswa, kwamba kikombe kitupu kinaokota uchafu. Akasema atakisafisha.

Nilitengeneza pete nyingi maishani, za matajiri wa maduara, za wake wa mapadri wa Anglikana, hata meno ya dhahabu wakati wa ile fasheni ya kijinga. Sijapata kufanya kazi ngumu kama ile ya kumalizia kikombe kisichopokea jiwe. Ukingo wa kawaida unaulaza juu ya jiwe. Ule ulikuwa hauna cha kulalia. Niliulainisha ndani kwa uzi na vumbi la msasa mpaka ukang'aa kama jicho. Nikamwapia Kulwa kwamba yeye atavaa moja tu, tukarudi Runzewe na Amba, mizani mkononi. Zikawekwa huku na huku mbele ya watu, mshale wa mizani ukasimama katikati, maana vile vinundu viwili vilifidia uzito wa jiwe. Amba akamvisha Kulwa. Mama akajivisha mwenyewe, akiwa amegeuka ukutani. Kulwa alipouona mkono wa mama yake alikwenda akakaa karibu naye, upande ule wa mkono, na mama akamtazama binti yake usoni. Alimtazama kwa muda. Sherehe ikaendelea.

Miaka mitatu iliyofuata mama yule alikuwa akija Katoro kila anapopata gari. Hatengenezeshi kitu. Anavua pete, ananiwekea mezani, naipitisha sindano taratibu ndani ya kile kikombe. Nilitoa udongo wa shambani, pumba za mpunga, siku moja mbegu ya nyanya. Tunaongea mvua, ananiambia Kulwa hajambo, anaivaa, anaondoka. Katika yote niliyoacha Katoro, meza, moto, jina langu kwenye ubao, hizo robo saa ndizo ninazozililia.

Mara ya mwisho jicho langu la pili lilikuwa limeanza kugoma. Alikuwa ametoka kwa binti yake, ambako Kulwa alikuwa amejifungua wiki ile, na yeye ndiye aliyekuwa akimpikia uji. Alivua pete akaiweka mezani kama kawaida. Nikaisogeza karibu na uso, nikaona kikombe kimejaa unga wa ulezi. Nikachukua sindano.

Akanishika kifundo cha mkono.

"Leo acha, fundi," akasema. "Leo mwache Doto ale na wenzake."

Nikairudisha kidoleni mwake na unga wake.